Somo, vitabu nilivyovipenda havinisomeki tena

Shikamoo Somo,

Mimi ni mama wa miaka 37, naishi Likoni, nafundisha shule ya msingi. Nina mume na watoto watatu, wa kwanza ni binti wa miaka 13. Jambo hili sijamwambia mtu, maana naogopa kuambiwa nimekosa la kushughulika nalo.

Desemba iliyopita mamangu alihama Kisauni akaenda kukaa na kakangu Kilifi, nami nikaenda kumsaidia kufungasha. Chini ya kitanda tulikuta sanduku langu la bati la bweni, jina langu bado lipo kwa rangi nyeupe. Ndani yake mna vitabu 41 vya Mills and Boon, zile riwaya za mapenzi za Kiingereza. Somo, nilikaa sakafuni nikalia. Mamangu alidhani nimepata habari ya msiba.

Vitabu hivyo ndivyo vilivyonivusha miaka minne ya sekondari. Tulivisoma taa zikishazimwa, kwa tochi, ndani ya shuka, mmoja wetu akiwa na kazi ya kusikiliza viatu vya metroni. Kitabu kimoja kilipita mikono thelathini. Tuliking'oa jalada, tukakifunika kwa gazeti, na mchana kilikaa katikati ya kitabu cha Bayolojia. Aliyetaka kukipata kabla ya zamu yake alilipa kwa sabuni ya kufulia. Vingi vilitufikia vimeshachanika, kurasa za mwisho hazipo, basi tulikuwa tukikusanyika juu ya vitanda na kuvimaliza wenyewe kwa mdomo. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kumalizia. Mtu akifika pale palipokatika aliniita hata kama nimelala: njoo utupe mwisho.

Nikalibeba sanduku mpaka Likoni. Usiku ule ule nikakichukua kile nilichokipenda kuliko vyote, cha daktari mkuu na muuguzi mgeni, na sikufika hata ukurasa wa 40. Daktari anamfokea msichana mbele ya wagonjwa. Anamshika mkono kwa nguvu. Anambusu bila ya kuulizwa wala kukubaliwa, kisha hasemi naye siku tatu, na msichana anajilaumu. Nilipokuwa na miaka 16 moyo ulinidunda hapo. Sasa nimemuona ni mtu ambaye lau angekuja kumposa mtoto wa dadangu, ningesimama mlangoni. Nikafungua cha pili, cha tatu, cha saba. Ni yule yule, amebadilisha nguo tu.

Tangu hapo nina huzuni nisiyoweza kuipa jina. Naona haya kwa kuvipenda vile, halafu naona haya kwa kutovipenda tena. Nimejaribu kusoma riwaya nyingine za mapenzi, za siku hizi, na hazinishiki. Najiuliza kama nimekauka.

Pili, binti yangu amekigundua kimoja na anakisoma usiku. Nimeiona taa ya simu ndani ya shuka lake, na macho yake asubuhi ni macho yangu ya zamani. Wifi yangu asema nivichome vyote kabla havijamharibu.

Mume wangu hana neno. Ni mtu kimya. Anafanya kazi bandarini Kilindini kwa zamu, akirudi hula, huuliza kama watoto wamesoma, hulala. Miaka 14 ya ndoa sijamsikia akinitamkia kuwa ananipenda. Kila Idi huniletea leso doti moja kutoka Biashara Street, huiweka kitandani, hutoka kwenda kusalimia wazee. Hilo silo ninalouliza, nimelitaja tu ili ujue nyumba yetu ina amani.

Ninalouliza ni hili: nimepatwa na nini, vitabu nivifanye nini, na sasa nisome nini?

Mama Binti, Likoni

MAJIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi, na kuna mstari mmoja nimeupigia alama. Nitaufikia. Kwanza nikujibu uliyoyauliza.

Hujakauka. Aliyekauka hakai sakafuni akalilia sanduku la bati. Wewe ni mwalimu. Umeshaona wasichana wangapi wakikatiza masomo kwa ajili ya mtu mzima aliyewashika mkono kwa nguvu na wao wakadhani ndiyo mapenzi? Macho yaliyoyaona hayo ndiyo uliyoyapeleka kwa yule daktari. Ningeshangaa lau angekupendeza.

Lakini usimwonee haya yule msichana wa tochi, maana mwanamume yule hakumbuni yeye. Mills and Boon ilianzishwa London mwaka 1908 na mabwana wawili, Gerald Mills na Charles Boon, na mwanzoni walichapisha vitabu vya kila namna; mapenzi yakaja kuwa ndiyo biashara yao hasa kwenye miaka ya 1930. Mwaka 1971 kampuni ikanunuliwa na Harlequin ya Kanada, na vitabu vikazidi kumiminika duniani, mpaka vikafika kwenye magunia ya wauza mitumba wetu, wale ambao Nairobi maduka yao yameitwa Inama Bookshop, kwa kuwa huchagui kitabu bila ya kuinama. Na huyo bwana mkali ni mkongwe kuliko kampuni yenyewe. Mwaka 1740 Mwingereza Samuel Richardson alitoa riwaya ya Pamela, mtumishi wa miaka 15 ambaye bwana wake anamtongoza, anamteka na kumfungia, na mwisho anamwoa, na msomaji anatakiwa afurahi. Kwa hivyo ulichopewa bwenini ni chakula kilichokwisha pikwa zaidi ya miaka 250. Wewe ulikuwa na njaa, ukala. Kosa lako liko wapi?

Tazama pia jinsi kitabu chenyewe kinavyojengwa, maana hapa pana jambo litakalotufaa mbele. Ni kurasa kama 190. Katika vile vya zamani, na naamini vya sandukuni mwako vingi ni vya miaka ya 1970 na 1980, hadithi unaiona kwa macho ya mwanamke peke yake. Moyoni mwa mwanamume huingii. Anafoka, ananyamaza, anaondoka bila ya kuaga, na hujui ana nini. Kisha, sura ya mwisho, anakaa chini na kueleza kila kitu: nilikupenda tangu siku ile ya kwanza, nilinyamaza kwa kuwa niliogopa kukupoteza. Ukimya wote wa nyuma unageuka kuwa mapenzi kwa mara moja. Raha ya kitabu iko pale, na ni raha kubwa, nami siidharau. Mimi nililelewa na sinema za Kihindi, onyesho la wanawake la Jumapili mchana, na najua kutoka ukumbini na macho mekundu nikiamini kuwa kila aliyeninyamazia ana wimbo kifuani.

Sasa huzuni yako. Mwaka 1984 msomi wa Kimarekani, Janice Radway, alitoa kitabu juu ya wanawake waliopenda riwaya za mapenzi katika mji mmoja wa nchi yake. Aliwauliza wanasomea nini. Walimweleza juu ya wahusika, ndiyo, lakini walimweleza zaidi juu ya muda. Ukishika kitabu, walisema, muda huo ni wako, mume na watoto wangoje. Niliposoma barua yako nikawakumbuka. Bwenini mlikuwa na kengele ya kuamka, ya kuoga, ya chai, ya darasa, ya prepu, ya kulala. Saa moja ndani ya shuka ndiyo pekee iliyokuwa haina kengele. Leo una zamu za mume, madaftari ya wanafunzi, foleni ya feri asubuhi na jioni, watoto watatu. Niambie, mara ya mwisho lini ulipata saa isiyo na kengele? Nadhani ulilifungua sanduku ukiitafuta saa hiyo, ukadhani unamtafuta daktari. Daktari amekuchosha kwa kurasa 40. Saa bado unaihitaji, na ningependa uidai nyumbani kwako waziwazi, mlango umefungwa, kama unavyodai chumvi kwenye mchuzi.

Juu ya binti. Usivichome. Mwaka 2007 huko Kano, Nigeria, serikali ya jimbo ilifanya hafla ya kuchoma riwaya za soyayya, hadithi za mapenzi za Kihausa ambazo nyingi huandikwa na wanawake na kusomwa na wasichana. Moto uliwaka, na riwaya zikaendelea kuandikwa na kuuzwa. Ukimchomea mwanao utamfundisha mambo mawili: kwamba kile kinachomdunda moyo ni najisi, na kwamba wewe si mtu wa kuulizwa. Hilo la pili ndilo linalonitisha, kwa mtoto wa miaka 13 mwenye simu.

Mwambie unajua. Mwambie vilikuwa vyako, mweleze habari za tochi na viatu vya metroni, atacheka na kukuangalia upya. Halafu mkae mkisome pamoja kile cha daktari, kwa sauti, mkifika pale pa kubusu kwa nguvu msimame. Hapo usimhubirie. Mwulize: huyu msichana amejuaje kuwa mtu huyu ni mwema? Mwache afikiri. Akishindwa, msaidie. Msichana hajui, anayejua ni mwandishi. Mwandishi amekwisha kumhakikishia msomaji, kabla ya ukurasa wa kwanza, kwamba huyu bwana hata afoke vipi hatamdhuru, ataoa, atalia, atajieleza. Ndiyo maana msomaji anaweza kusisimka bila ya kuogopa. Kituo cha matatu hakuna mwandishi aliyetoa dhamana hiyo. Anayekushika mkono kwa nguvu pale, unaye yeye na mkono wake tu. Mtoto akilielewa hilo, na asome vyote 41 akitaka, Kiingereza chake kitanufaika. Chuja tu vile vyenye mambo ya chumbani ambayo umri wake haujafika. Wewe ni mama, hilo ni haki yako na hulazimiki kuomba radhi.

Umeniuliza usome nini. Nafikiri riwaya za siku hizi ulizojaribu hazikukushika kwa sababu nazo nyingi zinakomea ulipokwisha pita wewe, mlangoni mwa harusi. Jaribu hizi mbili za Zanzibar. Ya kwanza ni Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Yasmin ameozwa angali mtoto kwa Raza, mzee wa kumzaa, anamkimbia, watu wake wanamkataa, na anakuja kumpenda Denge, kijana ambaye moyo wake uko kwenye kupigania uhuru. Hapo pana mapenzi yatakayokudunda moyo kama zamani, ila mwanamume ana jambo jingine kubwa analolipenda, na mwanamke inambidi aamue aishi vipi na hilo. Mwandishi hajampa dhamana, wala hajakupa wewe. Ya pili ni ya zamani zaidi, Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed, ya mwaka 1976. Hii isome polepole. Rehema anafika kwa Sulubu, mkulima maskini, akiwa amekwisha umizwa na baba na dunia. Hakuna kizunguzungu cha macho kukutana. Kuna jembe, kuna ardhi, kuna watu wawili wanaotunzana. Ungepewa ukiwa na miaka 16 ungeitupa. Nina hakika sasa hutaitupa.

Haya, nije kwenye mstari nilioupigia alama.

Umeandika: "Hilo silo ninalouliza." Umelisema juu ya mumeo. Mwanangu, barua ina aya juu ya vitabu, juu ya binti, juu ya wifi, halafu katikati umeweka mtu kimya, miaka 14, neno hajalitamka, na ukakimbilia kuniambia nisilitazame. Nimelitazama.

Nitakwambia ninachokiona, nawe unisahihishe nikikosea. Msichana aliyesoma vitabu 41 vyenye mwanamume kimya amejifunza maana moja ya ukimya: kwamba chini yake mna mapenzi makubwa, na kwamba mwisho utafika atakapojieleza mwenyewe bila ya kuulizwa. Akaolewa na mtu kimya. Akangoja. Mwaka wa kwanza, wa tano, wa kumi. Hakugombana, maana mashujaa wale hawagombezwi, wanangojwa. Kisha usiku mmoja akafungua kitabu akamuona daktari alivyo, na pamoja na daktari ikaanguka ile ahadi ya sura ya mwisho. Je, huzuni isiyo na jina siyo hiyo? Usiogope kuikubali. Haimaanishi ndoa yako ni mbovu. Inamaanisha ulikuwa ukiisoma kwa kamusi isiyokuwa yake.

Mumeo si yule daktari. Hajakufokea, hajakushika kwa nguvu, hajaondoka bila ya kuaga isipokuwa kwenda kusalimia wazee. Lakini sitakwambia kuwa ukimya wake umejaa mapenzi, kwa kuwa sijui, na wewe hujui. Unaweza kuwa mapenzi. Unaweza kuwa uchovu wa zamu ya usiku. Unaweza kuwa alilelewa na baba aliyenyamaza na hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Unaweza kuwa naye anangoja, maana umeniambia hajawahi kukutamkia, hukuniambia kama wewe umewahi kumtamkia. Niliisoma barua tena kulitafuta hilo, sikulipata.

Na wewe, katika wote, ndiye niliyetarajia ungelijua la kufanya. Palipochanika mwisho, ni nani aliyekuwa akiamshwa? Hukuwahi kukaa na kitabu kilichokatika ukangoja kurasa ziote. Uliufungua mdomo.

Basi fanya hivi. Chagua siku asiyokuwa na zamu, watoto wamelala, simu mmeziweka mbali. Usianze na "tunahitaji kuzungumza," maneno hayo humfanya mwanamume ajikunyate kama aliyeitwa na mkubwa wake wa kazi. Toa leso zako za Idi, zote ulizozihifadhi, uzitandaze kitandani. Soma majina yake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake. Wewe na mimi ni watu wa pwani, tunajua leso haivaliwi bila ya kusomwa. Wanawake wetu wamesema kwa leso mambo ambayo mdomo ulikataa, wakagombana kwazo na wakapatana kwazo. Umeniambia huiweka kitandani na kutoka. Hukuniambia iliandikwa nini. Miaka 14, na barua nzima haina jina hata moja la leso.

Sisemi kuwa alikuwa akikuandikia barua za siri. Huenda alisimama Biashara Street akapewa na muuzaji ile iliyokuwa juu, akalipa akaondoka. Huenda aliipenda rangi. Huenda mojawapo, hata moja tu, aliisoma dukani akaona haya kuisema, akaiacha kitandani na kukimbilia kwa wazee. Mimi na wewe tukikaa hapa kubahatisha tutakuwa tunaandika Mills and Boon ya 42.

Kwa hivyo ichukue moja, ile ambayo jina lake likikugusa, umwonyeshe. Mwulize, kwa sauti ya kawaida: hii uliichagua wewe? Akikujibu, hata kwa maneno matatu, mjibu na lako, lile ambalo nawe hujalisema. Kisha niandikie.

Somo wako